Fungua Semi, Funga Semi

Sura yake ya zamani siikumbuki vizuri, lakini sauti yake ya imla ninayo mpaka leo. Alikuwa akisimama dirishani ametupa mgongo, mikono nyuma, hana kitabu, anasema polepole: "Juma akamwambia mama yake, mkato, fungua semi, mama nina njaa, nukta, funga semi." Darasa zima kimya, penseli tu zinakwaruza. Mwenzetu mmoja aliyehamia kutoka shamba aliandika kila kitu alichokisikia, "mkato" kwa herufi zake na "fungua semi" kwa herufi zake, ukurasa mzima. Tulicheka mpaka wengine tukatolewa nje. Maalim alilitazama lile daftari kwa muda, akamwambia, "Weye ndiye uliyenisikia. Hawa wenzio wamenikisia." Akamtilia vema.

Maalim ndivyo tulivyomwita sisi wanafunzi, na ndivyo watu wazima wa mtaa wetu wa Madungu, hapa Pemba, walivyomwita, na hata mkewe, Bi Mize, hakumwita kwa jina jingine. Jina analo. Sitalitaja, kwa sababu mwenyewe hapendi kutajwa.

Fungua semi na funga semi, vitabu tunavyofundishia siku hizi vinaziita alama za mtajo. Mkaguzi mmoja alikuja skuli yetu akaziita alama za kunukuu, akamwuliza Maalim kwa nini bado anatumia jina la vitoto. Maalim akamjibu kwa adabu kwamba jina lolote litafaa, shida ni watu kutia maneno yao humo ndani. Kwake yeye vile vijiti viwili vya juu vilikuwa mlango. "Ukishafungua," alituambia, "anaingia mwenye maneno peke yake. Weye mwandishi bakia nje. Ukiwa na lako, ngoja mlango ufungwe, kisha useme."

Ole wake aliyesahau kufunga. Alisimamishwa mbele, insha yake ikasomwa mpaka mstari wa mwisho, halafu akaulizwa, "Yote haya kayasema Juma?"

"Ndiyo, Maalim."

"Hata mvua iliyonyesha jioni, Juma ndiye aliyeinyesha?"

Ukijibu ndiyo kicheko, ukijibu hapana kicheko. Fimbo hakuwa nayo, lakini nawajua watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao mpaka leo wakiandika ujumbe kwenye simu wanarudi nyuma kutazama kama wamefunga semi.

Mtaani aliishi kama alivyofundisha. Kabla ya kuyasema maneno ya mtu mwingine alikohoa kikohozi kidogo, kikavu, na akimaliza akakohoa tena. Tulijua kwamba kila kilichokuwa katikati hakikuwa chake. Ukimwambia "watu wanasema", alikuuliza watu gani, wana majina, na wewe ulikuwa wapi wakisema. Wanawake wa mtaa wakimwona anapita walikatiza mazungumzo, si kwa sababu ni mmbea. Mmbea unaweza kumkana. Maalim akikutaja, umetajwa, kwa sababu alichokisema kuwa umekisema, ulikisema hivyo hivyo, na pale ulipovuta pumzi na yeye alivuta.

Mwanawe alimletea simu kubwa ya kisasa, akamwingiza kwenye kundi la mtaa. Alikaa nayo siku chache akairudisha. "Humu kila mtu kafungua semi," alisema, "hajaonekana aliyefunga." Akarudia kisimu chake cha vibonye.

Kwa uaminifu huo wakamfanya mshenga. Sasa, mshenga wa kawaida ni mtu wa kutia sukari. Akiambiwa "hatumtaki", anarudi na "bado wanashauriana". Akiambiwa "kijana mvivu", anarudi na "wamesema kijana mtulivu". Maalim sukari hakuwa nayo. Alitumwa Msuka, kule kaskazini kabisa, kumposea mchuuzi wa samaki wa mtaani kwetu. Baba wa binti alikuwa mtu wa hasira. Maalim akarudi, akaketi barazani kwa wazee waliomtuma, akanywa maji, akakohoa.

"Kamwambieni, mie simwozi binti yangu mtu ambaye harufu yake inafika kabla ya salamu yake."

Akakohoa tena. Wazee wakatazama chini. Baba wa kijana akauliza kwa unyonge, "Ndivyo alivyosema, Maalim?"

"Ndivyo. Mie sikuongeza kitu."

"Basi ungepunguza, yakhe!"

Na bado waliendelea kumtuma. Nilipomwuliza baba yangu kwa nini, alisema, "Maalim akikuletea ndiyo, unaweza kuteka maji ya kupikia pilau." Mshenga wa sukari akileta ndiyo, ulihitaji kumtuma mwingine akahakikishe.

Jambo ambalo tulichelewa kuliona ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na la kusema. Au alikuwa nalo, lakini halikutoka. Kwenye tanzia alisema yale yanayosemwa na kila mtu. Kwenye harusi vilevile. Ukimtaka rai yake juu ya jambo, alianza na "wahenga wamesema", na kama wahenga hawakusema, alinyamaza. Alipofiwa na mama yake, watu walimkuta mlangoni amesimama wima, kila anayempa pole anamjibu kwa pole ile ile aliyopewa. Baba yangu, aliyekuwa rafiki yake na mtani wake, alimwambia mbele za watu, "Maalim, weye tumbo likikuuma utasema wahenga wamesema linauma." Maalim akacheka mpaka akatoa machozi. Alipenda sana kutaniwa. Kurudisha utani hakujua.

Bi Mize alikuwa kinyume chake. Akifurahi mtaa unajua, akikasirika mtaa unajua. Alichoma vitumbua na kuuza, na mchele wake aliutwanga kinuni, hakutaka kusikia habari ya mashine. Alikuwa na ulimi, hilo si siri, lakini ulimi wake ulikata mbele ya uso wako, na baada ya hapo alikuita ule. Nilikuwa nikipita kwao kila asubuhi nikienda skuli. Nilimsikia yeye akisema, akisema, akisema, na Maalim akiitikia "naam" kutoka uani. Nikadhani ndivyo ndoa zilivyo, mmoja anasema na mwingine anaitikia. Walionekana kuridhika. Nadhani waliridhika, kwa muda mrefu.

Kuna jambo moja ambalo silijui niliweke wapi katika habari zake. Mama yangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, kaka yangu alikuwa Maskati, na alikuwa amegombana na baba, hapigi simu. Mama kila aliyeingia alimwuliza neno moja: "Kapiga?" Sisi tulikuwa tukisema mtandao mbaya, tukisema kesho. Mama hakuwa mjinga. Siku moja alasiri Maalim akaja kumtazama, akakaa karibu na mlango. Mama akamwuliza na yeye. Maalim akakohoa.

"Kapiga kwangu. Kasema, mwambieni mama anipe radhi, nnakuja."

Akakohoa tena. Mama akafumba macho, akasema, "Nshampa. Mwambie nshampa." Hakuuliza tena mpaka alipofariki. Maziko yalipokwisha kaka alilia kwenye simu, akaniambia hakuwa amempigia mtu yeyote Pemba, si Maalim wala nani. Nikamfuata Maalim. Nilitaka kumshukuru, sikutaka kumsuta, lakini aliponiona usoni alijua nimejua. "Usiniulize hilo, mwanangu," akasema, akaingia ndani. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizokaa darasani kwake.

Kwa mama yangu aliweza. Kwa nyumba yake mwenyewe hakuweza, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie, na nikisema kweli bado namchukia kidogo.

Haya yanayofuata aliniambia Bi Mize mwenyewe, zaidi ya mara moja, na hakuwahi kubadilisha neno. Mtoto wao alitaka kuoa, na binti alikuwa wa Chokocho, huko kusini. Kwa desturi yetu baba hajiposei mwanawe. Hutumwa mtu wa pembeni, ili maneno mabaya yakitoka yaishie njiani. Lakini nani angetumwa na Maalim wakati mshenga wa mtaa mzima ni yeye? Akaona vibaya kumwomba mtu kazi ambayo watu humwomba yeye. Akenda mwenyewe. Shangazi wa binti, asiyejua au aliyejifanya hajui kwamba mshenga ndiye baba, akamweleza wazi.

Aliporudi, Bi Mize alikuwa uani anatwanga. "Wamesemaje?" akamwuliza, mchi haujasimama.

Maalim akakohoa. "Kijana hatuna neno naye. Ila mama yake ana ulimi, na mtoto wetu hatumpeleki kwenye nyumba yenye ulimi." Akakohoa.

Mchi ukasimama.

"Na weye ukajibu nini?"

"Sikutumwa kujibu."

"Si mkeo huyo anayesemwa?"

"Nimeyachukua kama yalivyo."

Bi Mize aliniambia hakukasirishwa na yule shangazi hata kidogo. Maneno ya watu ameyazoea. Kilichomuunguza ni kumwona mumewe amesimama mbele yake, mtu aliyemzalia, aliyempikia, aliyemuuguza, anayasema matusi yake vizuri namna ile, hakuna kilichopungua, hata sauti ya yule mwanamke ameileta. Akautupa mchi. Akamfuata, akamkamata kanzu kifuani.

"Umri wangu wote nnakaa na mtu anayesema ya watu! Leo sema lako. Neno moja tu liwe lako, Maalim! Sema lako!"

Akasema. "Nimekuacha, talaka tatu."

Kisha, anasema Bi Mize, akajiziba mdomo kwa mkono wake, na wakatazamana hivyo, yeye bado ameishika ile kanzu.

Angesema moja, wangerudiana kabla eda haijakwisha, na sisi majirani tusingejua. Tatu hazina marejeo. Mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli na si ya kupanga, na ndoa hiyo ivunjike yenyewe. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Maalim alilijua kabla hajalitamka, nina hakika, na labda ndiyo maana lilitoka hilo. Mtu asiyezoea kusema lake siku akisema hajui kipimo.

Kesho yake wakaenda kwa Shehe. Bi Mize alikaa nyuma ya pazia pamoja na mke wa Shehe, lakini alisikia kila kitu. Shehe alikuwa mtu mzima mwenye huruma, na aliwapenda wote wawili. Akasema, "Maalim, mtu hasira zikimpanda mpaka asijue asemalo, neno lake halihesabiwi. Mie nnakuuliza, na fikiri kabla ya kunijibu. Ulikuwa unajijua?"

Kabla Maalim hajajibu, Bi Mize akasema kutoka nyuma ya pazia, "Shehe, mie sikusikia kitu. Nlikuwa nnatwanga."

Hebu fikiri. Mwanamke ambaye jana yake ametukanwa na kuachwa, leo anajitia uziwi mbele ya Shehe ili arudi nyumbani akapike. Mlango aliuacha wazi kabisa. Maalim alitakiwa kunyamaza tu. Kunyamaza, kazi aliyoifanya maisha yake yote!

Akakohoa. "Nimekuacha, talaka tatu." Akakohoa. "Ndivyo nilivyosema, Shehe. Nilikuwa nnajijua. Na kinu kilikuwa kimeshanyamaza."

Shehe akasema, "Basi umeshajihukumu mwenyewe. Mie sina la kuongeza."

Nimekuwa nikibishana na mume wangu kuhusu siku ile. Yeye husema Maalim alifanya kama Mwislamu wa kweli, kwamba kuishi na mwanamke asiye mkeo kwa uongo wa kinu ni balaa kubwa zaidi. Sawa. Najua. Lakini mimi naiona ile nyumba. Na najiuliza kama alikuwa anamwogopa Mungu, au alikuwa anaogopa tu kusahihishwa. Inawezekana yalikuwa yote mawili, na kwamba hata yeye hakujua lipi ni lipi. Mume wangu akifika hapo huniambia nimwache mzee wa watu.

Bi Mize akahamia kwa ndugu yake, ng'ambo ya njia, nyumba ya tatu. Alikwenda na kinu chake. Kila alfajiri Maalim aliamka na ile sauti ya mchi, yeye na chai yake ya kujipikia. Kijana hakuoa Chokocho. Alikwenda Dar es Salaam, akaoa huko, na akija likizo alikula mchana kwa mama na usiku kwa baba. Alijitokeza mwanamume mmoja wa Wete aliyefiwa na mkewe, mtu mzuri, akampeleka mtu kuposa kwa Bi Mize. Watu walifurahi, wengine kwa nia njema na wengine wakifikiria mbali, kwamba huenda njia ikafunguka baadaye. Bi Mize akamrudisha yule mshenga na neno moja: "Mwambie nshaolewa." Hakuna aliyejua alikuwa na maana gani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Siku za sikukuu walisalimiana njiani.

"Idi mubaraka, Bi Mize."

"Ya kheri, Maalim."

Basi. Kisha kila mmoja na njia yake. Sisi tuliokuwa karibu tulijifanya tunatazama kitu kingine.

Maalim alizeeka vibaya. Alistaafu, akaacha ushenga. Mtu aliyemwacha mkewe, alisema, haendi kuposea wengine. Watu hawakumlazimisha. Alikaa barazani kwake na redio, anagombana na watangazaji. Mtangazaji akisema "waziri amesema kuwa", Maalim alimwambia, "Kasema hivyo, au weye ndiye uliyesema?" Nilipoanza kufundisha nilikuwa nikipita kumwonyesha kazi za wanafunzi wangu. Alizipitia kwa kidole, akatafuta milango iliyoachwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu mwingine, lakini palikuwa safi, na jikoni mahali pa kinu palibaki patupu. Hakuweka kitu hapo.

Bi Mize amefariki mwaka huu. Alizikwa baada ya adhuhuri, jua kali. Walioteremka kaburini ni ndugu yake na mwanawe, maana hao ndio maharimu wake, wanaume asioweza kuolewa nao. Mume naye ana haki hiyo, lakini mume hakuwapo. Mwanangu wa kiume, aliyekwenda maziko, aliniambia Maalim alisimama safu ya nyuma pamoja na majirani, na zamu yake ya kutia udongo ilipofika aliutia, akampa jembe aliyefuata. Usingemtofautisha na mtu aliyekuja kwa sababu ya ujirani tu. Tangu hapo hatoki. Chakula anapelekewa na mke wa yule ndugu, ambaye ana moyo kuliko mimi.

Ninachotaka kukisema, nacho ndicho kilichonifanya nianze kuandika haya, ni cha siku chache kabla Bi Mize hajafariki.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Maalim aliniita kutoka barazani kwake. Bi Mize alikuwa mgonjwa, amelala ndani kwa ndugu yake wiki kadhaa, na sote tulijua hatainuka. Mimi nilikuwa nikienda kila siku, namkanda miguu. Maalim alijua hilo.

"Nnakutuma," akasema.

Nikasubiri akohoe. Hakukohoa. Alikuwa akilitafuta neno, anafungua mdomo na kuufunga, na mimi niliona haya kumtazama, nikatazama njia.

"Mwambie nnataka radhi yake," akasema mwisho. "Na mwambie nnaomba nije. Sitaingia. Nikae nje ya mlango tu, nisikie sauti yake. Nimemkosea, na nyumba hii haina kitu tangu alipotoka."

Nikasema, "Ntamwambia, Maalim."

"Na utakachopewa kilete."

Bi Mize alikuwa amegeuzwa ubavu, amekonda mpaka bangili imepanda kwenye kiwiko. Nikamwambia neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kufumbua macho.

"Kuna mtu kamwambia aseme hayo?"

"Hakuna, Bi Mize. Alikuwa peke yake."

"Yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe."

Akafumbua macho. Nadhani alitaka kucheka, lakini kifua kilimkatalia. "Kumbe anayo," akasema. "Wallahi nlidhani hana." Akapumzika kidogo, nami nikamkanda miguu, nikaanza kutumaini, tena sana. Nilikuwa nishapanga ndani ya kichwa changu mkeka nitautandika wapi, pale ukumbini, nyuma ya pazia, na wifi yake akae kati ili pasiwe na la kusemwa.

"Mwambie nimemsamehe, duniani na akhera," akasema. "Asije."

"Bi Mize, ni nje tu. Hata ndani haingii."

"Umenisikia nlivyosema?"

"Nimekusikia."

"Yeye kasema mie si mkewe, na mie nimemkubalia. Miaka yote hii nimemkubalia. Leo nikimsikia hapo mlangoni ntamwita aingie. Asije." Kisha akageuza uso ukutani, na mazungumzo yakaisha.

Sikumbuki nilivukaje njia. Nakumbuka nilisimama mbele ya duka nikajifanya nanunua kiberiti. Yale ya mwisho, kwamba angemwita aingie, hakunituma niyafikishe, aliniambia mimi. Nilichotumwa kilikuwa kifupi, na lile neno moja la mwisho ningeliacha pale dukani, Maalim angekwenda, na Bi Mize angemwita. Nani angejua? Lakini mtu anayekufa amenituma, na hilo neno ndilo alilolirudia.

Maalim alikuwa ameshaoga. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na amejipaka mafuta mazuri ambayo sikujua kama bado anayo, na viatu vyake vilikuwa kizingitini vimeelekea nje. Aliponiona alisimama.

"Sema."

Nikasema. "Mwambie nimemsamehe, duniani na akhera. Asije."

Akaendelea kusimama, anasubiri.

"Maliza, mwanangu."

"Nimemaliza, Maalim."

Akakaa. Nje watu walipita, wakamsalimu, akawaitikia, sauti yake ya kawaida kabisa. Halafu akaniuliza jambo ambalo katika umri wangu wote sijamsikia akimwuliza mtu.

"Alisema kwa sauti gani?"

"Ndogo, Maalim. Anaumwa."

"Ndogo ya kuumwa, au ndogo ya..." Hakumaliza. "Alikuwa amekasirika?"

"Hapana."

"Alikuwa anasikitika?"

Nikamwambia sijui, na kweli sikuweza kumweleza. Ilikuwa sauti ya Bi Mize, na yeye ndiye aliyeijua kuliko mimi.

"Hebu nisemee kama alivyosema."

Nikajaribu. Nilitia uchovu, nikatia ule upole wake wa mwisho. Akatikisa kichwa. "Hapana. Yeye hasemi hivyo. Yeye huanza juu, kisha anashuka." Nikajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, nikaacha.

Basi akayasema mwenyewe. Akafumba macho, mikono juu ya magoti, akaanza juu akashuka, na ilikuwa ni yeye, Bi Mize wa zamani, wa uani, wa asubuhi nikipita na mkoba wangu wa skuli. "Mwambie nimemsamehe, duniani na akhera."

Akaishia hapo. Lile neno la mwisho hakulisema, nami sikumkumbusha.